Siku, Shahidi na Deni: Nafasi ya Kundi katika Kutimiza Lengo la Mtu Binafsi

Utangulizi

Mtu aliyejiwekea lengo, liwe ni kuezeka nyumba, kumlipia mtoto karo, kuacha pombe au kumeza dawa zake kila siku bila kukosa, kwa kawaida huwa anajua linalompasa kufanya. Anayetaka bati anajua kuwa hana budi kuweka fedha kando, na anayetaka kuacha pombe anajua kuwa atalazimika kuikataa kesho kama alivyoikataa leo. Kinachowashinda watu wengi ni kulirudia tendo lile lile dogo kwa miezi na miaka, katikati ya haja nyingine ambazo kila moja ina haki yake: mgonjwa nyumbani, mgeni wa ghafla, mchango wa harusi, jirani anayekopa. Mhadhara huu unahusu umbali huo uliopo kati ya kujua na kutenda, na unachunguza jinsi watu wa Afrika Mashariki, pamoja na jamii nyingine nyingi, walivyojifunza kuuvuka kwa kutumia kundi dogo la watu wanaofahamiana na kukutana kwa utaratibu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kundi jema humpa mwanachama vitu vitatu ambavyo ni vigumu kwa mtu kujipa mwenyewe, navyo ni siku, shahidi na deni. Siku ni wakati maalumu ambao tendo lazima lifanyike. Shahidi ni jicho la mwenzake linaloona kama limefanyika. Na deni ni wajibu unaomfunga kwa watu walio hai, wenye majina na sura, badala ya kumfunga kwa nia yake mwenyewe ambayo anaweza kuisamehe wakati wowote. Hoja ya pili inaifuata ya kwanza kwa karibu: nguvu hiyo hupatikana pale tu ambapo lengo limebaki kuwa mali ya mwenyewe na mchango wa kila mmoja unaonekana waziwazi, na masharti hayo yakikosekana, kundi lile lile hugeuka kuwa maficho ya wavivu au chombo cha kuwaonea wanyonge.

Mifano mingi itatolewa katika vikundi vya akiba, kwa kuwa fedha huhesabika na kwa hiyo kufaulu na kushindwa huonekana bila ubishi. Hata hivyo, sehemu ya baadaye itaonyesha kwamba kanuni zilezile hufanya kazi katika matibabu, katika kuacha ulevi na katika michezo.

Maana ya istilahi

Kwa lengo la mtu binafsi kunakusudiwa jambo ambalo faida yake ya kwanza humwendea mtu mmoja na nyumba yake, na ambalo hakuna mwingine awezaye kulikamilisha kwa niaba yake. Ufafanuzi huu ni muhimu kwa sababu ushirikiano wa Afrika Mashariki huelezwa mara nyingi kwa mifano ya kazi za pamoja, kama vile harambee ya kujenga shule au msaragambo wa Wapare wa kusafisha mifereji, ambako lengo lenyewe ni la wote. Kundi linalozungumziwa hapa ni la namna nyingine. Mfano wake wa kale ni ngwatio ya Wakikuyu, ambamo majirani hulima shamba la mmoja leo na la mwingine siku inayofuata, hadi kila mmoja awe amelimiwa: jasho linachangwa, lakini mavuno ya kila shamba yanabaki kuwa ya mwenye shamba.

Kwa msaada wa kundi kunakusudiwa zaidi ya maneno ya kutia moyo. Maneno hayo yana thamani yake, lakini hutolewa bila gharama na husahaulika upesi, ilhali msaada unaojadiliwa hapa ni utaratibu, yaani kanuni zinazojulikana na wanachama wote, zenye siku, viwango, zamu na adhabu.

Istilahi mbili zaidi zinahitaji kuelezwa. Ya kwanza ni upendeleo wa leo, ambao wanauchumi na wanasaikolojia huutumia kueleza tabia ya binadamu ya kulipa jambo la sasa uzito mkubwa kuliko unaolistahili: mtu huyo huyo anayeamua kwa dhati kwamba ataanza kuweka akiba mwezi ujao, mwezi huo ukifika huamua kwa dhati ile ile kwamba mwezi unaofuata ndio unaofaa. Ya pili ni kujifunga, yaani hatua ambayo mtu anaichukua leo akiwa na akili tulivu ili kesho, atakapojaribiwa, njia ya kurudi nyuma iwe ngumu au ya aibu. Kundi la akiba, likitazamwa kwa jicho la nadharia, ni njia ya kujifunga iliyobuniwa na watu wa kawaida muda mrefu kabla ya vyuo vikuu kuipa jina.

Upatu na hesabu yake

Utaratibu ulio sahili kuliko yote ni ule ambao Tanzania huitwa upatu au mchezo, na ambao Kenya huendeshwa ndani ya vyama vya kila aina. Rwanda kuna ikimina, Kongo kuna likelemba, Ethiopia kuna iqub, Wasomali wana hagbad, Afrika Kusini kuna stokvel, Ghana kuna susu, na Java kuna arisan, ambayo mwanaanthropolojia Clifford Geertz aliijadili katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1962 kuhusu vyama vya mzunguko vya Asia na Afrika. Kuenea huku kwa utaratibu mmoja miongoni mwa watu wasiojuana wala kusikilizana lugha kunatosha kuonyesha kwamba unajibu haja ya kudumu katika maisha ya binadamu.

Upatu huendeshwa hivi. Watu kumi na wawili wanakubaliana kutoa shilingi 50,000 kila mwezi. Kijumbe, yaani mtu anayeaminiwa kukusanya, huzipokea na kumkabidhi mwenye namba ya mwezi huo shilingi 600,000 zote kwa mkupuo. Na mzunguko huendelea hadi kila mmoja awe amepokea. Hakuna riba, hakuna fomu, na hakuna fedha inayolala popote baada ya siku ya kutoa, jambo linaloufanya uwafae hata wale ambao imani yao inawakataza kugusa riba. Mwaka 1993 wanauchumi Timothy Besley, Stephen Coate na Glenn Loury walichapisha uchambuzi ulioonyesha faida ya mpango huu kwa hesabu. Mtu anayeweka akiba peke yake kwa kiwango hicho atafikisha 600,000 mwezi wa kumi na mbili, ilhali ndani ya upatu ni wa mwisho pekee anayesubiri muda huo wote, na wengine kumi na mmoja hupokea mapema zaidi, kiasi kwamba wastani wa kusubiri unakuwa miezi sita na nusu. Cherehani iliyonunuliwa mwezi wa tatu itakuwa imeshona kwa miezi tisa kabla ya ile ambayo mwenyewe angeinunua kwa kudunduliza peke yake.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haielezi jambo moja, nalo ni kwamba mwenye namba ya mwisho hapati faida yoyote ya muda, na bado hucheza, na mzunguko ukiisha huanza tena. Mary Kay Gugerty, katika utafiti wake kuhusu vyama vya magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2007, aliona kwamba haja ya kujifunga inaeleza mwenendo wa wanachama vizuri kuliko haja ya kupokea mapema. Wa mwisho analipwa kwa namna nyingine: anafikisha kiasi ambacho akiwa peke yake asingekifikisha kabisa, kwa kuwa angekimega njiani. Hapo ndipo uchambuzi wa siku, shahidi na deni unapoanza.

Siku

Lengo kubwa lina udhaifu wa kutokuwa na tarehe. Nyumba inaweza kuezekwa mwaka huu au mwakani, na kwa sababu hakuna siku hata moja ambayo kutoweka akiba kunaonekana kuwa kosa, kila siku hupita bila lawama na mwaka hupita pamoja nazo. Kundi hulikata lengo hilo vipande vidogo na kukipa kila kipande siku yake: Jumamosi saa kumi alasiri, chini ya mwembe wa shule, fedha mkononi. Anayejua kwamba Jumamosi itafika huanza kuipanga Jumatatu. Huuza mapema, hupunguza matumizi ya katikati ya wiki, na hukataa mambo ambayo kama isingekuwepo Jumamosi angeyakubali.

Wingi wa vikao nao una uzito wake. Benjamin Feigenberg, Erica Field na Rohini Pande walifuatilia wakopaji wa mjini Kolkata, India, ambao baadhi yao walipangiwa kwa bahati nasibu kukutana kila wiki na wengine kila mwezi. Waliokutana kila wiki waliendelea kutembeleana na kujuliana hali hata baada ya mkopo wa kwanza kumalizika, na walipochukua mkopo wa pili walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kushindwa kulipa. Matokeo haya yanafundisha kwamba siku ya kikao hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupanga mwenendo wa fedha, na wakati huo huo hujenga ujamaa baina ya watu ambao mwanzoni walikuwa majirani wa kusalimiana tu.

Shahidi

Nguvu ya shahidi huonekana vizuri zaidi katika vikundi vinavyotunza fedha kwenye sanduku. Chimbuko la mfumo huu ni jimbo la Maradi nchini Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilishirikiana na wanawake wa vijijini kuanzisha vikundi vilivyopewa jina la Kihausa la Mata Masu Dubara. Kutoka huko mfumo ulisambaa hadi nchi nyingi za Afrika, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umefika Zanzibar, katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani. Tanzania Bara katika kipindi hicho hicho ilishuhudia kukua kwa VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini, ambamo wanachama hadi thelathini hugawanywa watano watano wanaodhaminiana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya namna hii katika daraja la nne la watoa huduma, na hivyo kuvitambua rasmi.

Kikao cha kikundi cha sanduku kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kila hatua yake imewekwa kwa makusudi. Wanachama huketi kwa mpangilio wa namba zao, sanduku likiwa mbele ya wote, na washika funguo watatu, ambao hawapaswi kuwa viongozi wa kikundi wala mtunza sanduku, hutoka mmoja baada ya mwingine kufungua kila mtu kufuli lake. Kabla ya kupokea chochote, wanachama hutaja kwa kichwa salio la mfuko wa jamii, yaani fedha za kuwasaidia waliopatwa na maradhi au msiba, walilolikariri kikao kilichopita, wahesabu fedha wawili huzihesabu zilizomo, na kiasi kikilingana ndipo kazi huendelea. Kisha kila mwanachama huitwa kwa namba yake, hufika mbele, hutaja kwa sauti idadi ya hisa anazonunua, ambazo kwa kawaida ni kuanzia moja hadi tano, hukabidhi fedha, na kitabu chake hupigwa muhuri mmoja kwa kila hisa huku wote wakitazama. Asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake kwa urahisi ule ule anaohesabu watoto wake. Aliyechelewa hulipa faini, na faini nayo hutajwa.

Katika utaratibu huu hakuna mtu anayesifiwa wala kukaripiwa, na hiyo ndiyo siri yake. Ushahidi unajitosheleza: mwanachama aliyenunua hisa tano wiki iliyopita na moja wiki hii hahitaji kuhojiwa, kwa kuwa yeye mwenyewe ameitamka hiyo moja, na wenzake wanaomfahamu watamuuliza nje ya kikao kama kuna mgonjwa nyumbani. Uchunguzi wa kisayansi unaunga mkono jambo hili. Nchini Chile, Felipe Kast, Stephan Meier na Dina Pomeranz waliwapa wafanyabiashara wadogo akaunti za akiba, wakawaunganisha baadhi yao na vikundi vya kutangaza malengo na kufuatiliana, na wengine wakapewa riba kubwa zaidi bila kundi. Idadi ya mara ambazo waliokuwa kwenye vikundi waliweka fedha ilizidi mara tatu ya ile ya wenzao, na wastani wa salio lao ulikaribia kuwa maradufu, ilhali riba kubwa haikubadili chochote kwa walio wengi. Katika jaribio la pili, ujumbe wa simu uliomwonyesha kila mmoja jinsi yeye na wenzake wanavyoendelea ulikaribia kufanya kazi sawa na vikao vyenyewe, jambo linaloashiria kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya kundi imo katika kujua kuwa mwenendo wa mtu unaonekana.

Deni

Waswahili husema ahadi ni deni, na katika upatu usemi huu ni ukweli wa hesabu. Aliyepokea mwezi wa kwanza ana deni kwa wenzake kumi na mmoja, na ambaye hajapokea ana haki kwao. Kila mtu, isipokuwa wa kwanza na wa mwisho, anapitia hali zote mbili kabla mzunguko haujafungwa. Mtu anaweza kujivunjia mwenyewe ahadi mara mia bila kuulizwa, lakini kumvunjia ahadi jirani ambaye mwezi uliopita alimpa fedha zake ni jambo linalogusa heshima yake yeye na ya watu wa nyumbani kwake.

Deni hilo lina faida nyingine ambayo haionekani haraka, nayo ni kumlinda mtu dhidi ya madai ya watu anaowapenda. Akiba iliyowekwa ndani ya godoro inajulikana kuwepo, na mwenye kuifahamu akija na shida ya kweli ni vigumu kumnyima bila kuonekana mchoyo. Fedha iliyokwisha kuahidiwa kikundi ina jibu la heshima: si yangu tena, ni ya kikundi. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, waliochunguza vyama vya mzunguko katika mtaa wa Kibera, Nairobi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, walihitimisha kwamba wanawake walio katika ndoa walijiunga kwa sehemu kubwa ili kuzilinda akiba zao zisiishie katika matumizi ya papo kwa papo ya waume zao. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika jaribio lililofanywa miongoni mwa wanachama wa vyama vya magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2013, waliona kwamba sanduku salama peke yake lilitosha kuongeza akiba za afya kwa asilimia 66, na kwamba mipango ya akiba na mikopo iliyoendeshwa na kikundi ilikuwa na athari kubwa sana. Kuzitenga fedha kwa kusudi maalumu kuliwafaa hasa wale wanaoombwa mara kwa mara na ndugu na marafiki.

Inafaa kusisitizwa kwamba deni linalozungumziwa hapa ni la mwanachama kutimiza zamu yake mwenyewe, na halipaswi kuchanganywa na udhamini wa pamoja, yaani kanuni inayowalazimisha wanachama kumlipia mwenzao aliyeshindwa. Xavier Giné na Dean Karlan walipofanya jaribio na benki moja nchini Ufilipino, walikuta kwamba kuondolewa kwa udhamini wa pamoja, huku vikao vya kikundi vikiendelea kama zamani, hakukuongeza idadi ya walioshindwa kulipa. Kilichokuwa kinawashikilia watu ni kikao.

Nje ya fedha

Kanuni hizi hazikomi kwenye akiba. Mwaka 2008, katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuwapanga watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU katika vikundi vya takriban watu sita. Kila mwezi mmoja wao, kwa zamu, alikwenda kliniki kupimwa na kuchukua dawa za wote, na wenzake walikutana kabla ya safari hiyo kuhesabu vidonge vilivyobaki na kuelezana hali zao. Tathmini ya zaidi ya wanachama elfu moja, waliofuatiliwa kwa takriban mwaka mmoja, iliyochapishwa mwaka 2011, ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 97 walikuwa bado katika matibabu, katika mazingira ambamo umbali na nauli vilikuwa vimewakatisha tamaa wagonjwa wengi. Siku ya kliniki, wenza wa kuhesabu vidonge na zamu ya kuwachukulia wengine dawa: vitu vile vile vitatu vinajirudia, ingawa kinachowekwa akiba hapa ni uhai.

Chama cha walevi wanaotaka kuacha pombe, kinachojulikana duniani kwa jina la Alcoholics Anonymous, kilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na watu wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, baada ya wa kwanza kutambua kwamba kumsaidia mlevi mwenzake kulimsaidia yeye mwenyewe asirudie chupa. Katika riadha, mbio za masafa marefu zinazoonekana kuwa kazi ya mtu mmoja na mapafu yake hujengwa ndani ya kundi: Eliud Kipchoge amefanya mazoezi kwa miaka mingi katika kambi ya Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, akigawana na wenzake kazi za usafi kama mwanakambi mwingine yeyote, na siku ya tarehe 12 Oktoba 2019 alipokimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, alizungukwa na wakimbiaji waliopokezana kumvunjia upepo na kumshikia kasi kutoka kundi kubwa la wasaidizi 41. Miguu iliyofika mwisho ilikuwa yake, na hakuna aliyemkimbilia hata hatua moja.

Kundi linapoharibika

Itakuwa ni udanganyifu kulisifu kundi bila kueleza madhara yake. La kwanza ni kutegea, yaani tabia ya mtu kupunguza bidii yake kwa kujua kuwa ya wengine itaificha. Mhandisi wa kilimo Mfaransa Max Ringelmann, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1913, alionyesha kwamba watu wakivuta kamba kwa pamoja, nguvu inayotolewa na kila mmoja hupungua kadiri idadi yao inavyoongezeka. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake walipata matokeo kama hayo kwa watu walioombwa kupiga makofi na kupaza sauti, na tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba kutegea hupungua sana pale mchango wa kila mmoja unapoweza kutambuliwa. Hii ndiyo sababu kitabu chenye mihuri kina maana kubwa kuliko kauli mbiu yoyote, na ndiyo sababu kundi la watu ishirini huendelea pale ambapo la watu mia mbili hulala.

La pili ni sifa za mapema. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba nia inayohusu sifa ambayo mtu anatamani kuwa nayo, ikishatambuliwa na wengine, inaweza kumfanya atende kidogo zaidi, kwa kuwa ameonja mapema utamu wa kuonekana kana kwamba ameshafika. Kundi linalopokea matangazo ya nia na kuyapigia makofi, bila kuuliza katika kikao kinachofuata ni nini kilichotendwa, humlisha mwanachama ujira wa kazi asiyoifanya.

La tatu ni uonevu. Aibu ikigeuzwa kuwa silaha, mwanachama aliyefiwa au kuuguliwa husombewa vyombo vya ndani mbele ya watoto wake, na wapo wanaokimbilia mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kali na marejesho ya kila siku, ili tu wasionekane wameshindwa kikundini. La nne ni ulaghai: kijumbe anayetoroka na fedha, na hatari zaidi, mipango inayojivika jina la upatu huku ikiahidi kila anayeingia kupata mara kadhaa ya alichotoa. Tofauti yake na upatu halisi inaweza kupimwa kwa swali moja, nalo ni fedha ya kulipa inatoka wapi. Katika upatu halisi, anachopokea mtu ni jumla ya michango ya wenzake anaowajua kwa majina, wala hakizidi alichotoa yeye katika mzunguko mzima. Katika ulaghai, malipo ya wa leo yanatoka kwa wageni wa kesho, na siku wageni watakapokoma, wengi watapoteza vyote.

Hitimisho

Kutokana na hayo yote yanaweza kutajwa masharti ambayo kundi lolote la kusaidiana linapaswa kutimiza, liwe la akiba, la masomo, la dawa au la mazoezi. Liwe dogo kiasi cha kila mmoja kumjua mwenzake kwa jina na hali. Liwe na siku isiyobadilishwa ovyo. Mchango wa kila mwanachama utamkwe na uandikwe mbele ya wote. Faini iwe ndogo kiasi cha kuuma bila kujeruhi. Na kuwe na mfuko wa jamii, au utaratibu kama huo, unaotenganisha aliyeshindwa kwa maradhi au msiba na aliyetegea, kwa sababu kundi lisilojua tofauti ya hao wawili litawapoteza wanachama wake wanaolihitaji zaidi. Juu ya hayo, kila kikao kimwache mtu akiwa mwenye lengo lake. Methali isemayo kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini haipingani na upatu, kwa kuwa mcheza upatu hategemei cha nduguye: anatoa chake kwa zamu, na anapokea chake kwa zamu.

Serikali, mashirika na viongozi wa dini wanaotaka kuwasaidia watu wasonge mbele huweka nguvu nyingi katika semina za kuamsha ari, ambazo huwaambia watu mambo wanayoyajua tayari. Ushahidi uliojadiliwa hapa unaelekeza kwingine: vikundi vilivyopo vipewe ulinzi wa kisheria na mafunzo ya kutunza kumbukumbu, bila kunyang'anywa uamuzi wa kanuni zao wala kulazimishwa kuwa vikubwa kuliko wanachama wanavyoweza kufahamiana. Na mtu mmoja mmoja anayemtakia mema ndugu au rafiki mwenye lengo gumu anaweza kuanza na jambo dogo kuliko yote hayo, nalo ni kukubaliana naye siku ambayo watakutana kutazama alipofikia, kufika siku hiyo bila kukosa, na kumwonyesha naye alipofikia yeye.